Dakika Ishirini za Mama Mvuke

Wiki iliyopita mjukuu wangu alirudi kutoka shule akaniuliza kama ni kweli bibi yake wa hospitalini aliwahi kupewa barua ya onyo kwa kusinzia kazini. Alisikia hayo kwa mwenzake ambaye mama yake ni muuguzi. Nilimjibu kwamba barua ya onyo ni kweli, kusinzia ni uongo, na yaliyo katikati nitayaandika yasomwe na kila mwenye jina letu. Nimefundisha miaka thelathini na mmoja, kumi na miwili kati ya hiyo nikiwa mwalimu mkuu, na sijawahi kuwaachia majirani waandike habari za nyumba yangu.

Anayesemwa ni wifi yangu, mdogo wa mwisho wa marehemu mume wangu. Alikuja kuishi nasi mwaka tuliofunga ndoa, akiwa msichana wa miaka kumi na sita, mwenye mikono mirefu na mdomo usiojua likizo. Shule aliiacha darasa la tano. Kusoma vizuri nilimfundisha mimi, kwenye meza ya chakula. Kusali pia nilimfundisha mimi: piga magoti, kunja mikono, fumba macho, nyamaza kidogo, ndipo useme. Mume wangu alikuwa mzee wa kanisa, na nyumba ya mzee wa kanisa hutazamwa na watu.

Kusoma alikushika. Sala ilimshinda. Si kwamba hakuamini. Kuamini aliamini, tena bila maswali yangu mengi ya kisomi. Kilichomshinda ni kuifanya kila siku. Jumatatu alianza kwa kishindo, ikifika Alhamisi keshasahau. Akipiga magoti asubuhi, usingizi aliouacha kitandani unamfuata sakafuni. Siku moja nilimkuta kainamia kitanda, nikamgusa bega, akainua uso uliojaa alama za nyuzi za blanketi.

"Umesali?" nikamwuliza.

"Nimesali, wifi."

"Umesema nini?"

"Nilifika 'Baba yetu uliye mbinguni', Baba akaniona nilivyochoka, akanilaza."

Kaka yake aliposikia mezani alicheka hadi chai ikamwagika. Mimi nilikunja uso. Leo ningecheka.

Baadaye alipata kazi ya usafi katika hospitali kubwa, akahamia chumba chake mwenyewe karibu na hapo. Hakuolewa, na hakupenda kuulizwa. Kwa miaka tisa alipiga deki wodi na korido, hadi metroni alipogundua kwamba ndiye mfagiaji pekee anayevuta kitanda ili apitishe tambara nyuma yake. Metroni huyo ni mwanamke mwembamba anayetoa maneno kama anayepima dawa ya mtoto. Alimwita akamwambia, "Kuanzia Jumatatu uko chumba cha vyombo."

Chumba hicho nimekiona. Ni chembamba, vigae vyeupe hadi mabegani, meza ya chuma, beseni mbili, na dirisha moja lililo juu mno kwa mtu kuchungulia. Ukutani kumejengewa mashine ya mvuke yenye mlango mzito wa duara. Vyombo vyote vya upasuaji hupita hapo. Mikasi, koleo na visu vikishaoshwa hufungwa katika vitambaa vya kijani, vikawa mafurushi, na kila furushi hubandikwa utepe wenye mistari hafifu ambayo hugeuka myeusi ikipata joto. Kisha mlango unafungwa, mvuke unaingia, na mshale wa geji inayopima mvuke unapanda. Ukifika kwenye alama nyekundu, hapo ndipo dakika ishirini zinapoanza kuhesabiwa. Ukishuka katikati, hata kidogo, hesabu inarudi mwanzo.

"Utepe utakuambia kwamba joto liliingia," metroni alimfundisha. "Hautakuambia lilikaa muda gani. Hiyo ni kazi ya macho yako. Kila dakika tano unatazama mshale, unaandika kwenye daftari. Mashine ikianza, huondoki. Hata nikikuita mimi, huondoki."

Miezi ya kwanza, wifi alinisimulia, dakika zile zilimtesa. Alikaa kwenye kigoda akitafuna kucha. Aliimba nyimbo zote alizozijua, akahesabu vigae. Kisha asubuhi moja, akiwa na furushi la upasuaji wa uzazi ndani ya mashine, akawaza kwamba kuna mama mahali fulani hospitalini amekwisha kuvuliwa hereni na kuvishwa joho, naye anaogopa. Akafumba macho akamwombea. Kengele ndogo ya saa ya mezani ilipolia, akafumbua macho, akatazama mshale, akaandika, akafumba tena akaendelea. Mashine ilipomaliza, naye alikuwa amemaliza. Hakusinzia.

Kesho yake akarudia, na kesho kutwa. Alhamisi ikaja, kisha Ijumaa.

"Mimi nidhamu sikuwa nayo, wifi," aliniambia. "Wewe unajua, umenifinya sana. Lakini ile mashine hainiachi niondoke, na hakuna wa kuniita. Nikajikuta nimeshikwa, na aliyenishika ananipenda."

Mashine iliwashwa mara nne kwa siku, naye akazigawa raundi zake. Ya kwanza ya wagonjwa. Majina yao hakuyajua, aliwajua kwa vyombo: vidogo vya macho, vikubwa vya mifupa, vifupi vya watoto. Ya pili ya wafanyakazi, kuanzia mlinzi wa getini hadi daktari mkuu wa upasuaji, ambaye alimwombea apunguze hasira. Ya tatu yetu sisi, ukoo mzima, mmoja mmoja. Ya nne ya kushukuru tu, hakuna kuomba kitu. Wauguzi wakampa jina la Mama Mvuke, na hakuna aliyejua yanayotendeka kwenye kigoda kile isipokuwa metroni, ambaye aliona daftari halina dosari akanyamaza.

Hivyo ndivyo mtu niliyemkatia tamaa kwa habari ya sala alivyosali mara nne kwa siku kwa miaka saba, na mimi sikuwa na habari. Nilikuwa nikimwonea huruma.

Kisha mume wangu akafariki. Sitayaandika hayo hapa. Nitasema tu kwamba mwezi wa pili baada ya mazishi, siku ya Jumatano, wifi yangu aliwasha raundi ya tatu na kufika kwenye jina langu, na kwenye jina langu akazama. Alinihurumia, akalia, macho ameyafumba kama nilivyomfundisha. Kengele ya dakika ya kumi ikalia hakuisikia. Ya kumi na tano ikalia hakuisikia. Alipofumbua macho dakika ishirini zimetimia, mshale uko mahali pake, mistari ya utepe itakuwa imegeuka myeusi, na kwenye daftari mna nafasi mbili wazi. Chini ya mlango wa mashine palikuwa na maji kidogo. Labda mvuke ulipungua katikati ukarudi. Labda maji yalikuwa ya jana. Hakujua, kwa sababu hakuona.

Muuguzi wa chumba cha upasuaji alikuwa tayari mlangoni na kitoroli.

"Mama Mvuke, lete, daktari kashanawa mikono."

"Bado."

"Bado nini? Saa imelia."

"Sikuona mshale mara mbili. Narudia yote."

"Jamani! Jaza tu hizo nafasi. Unaandika zile zile za juu, nani atakuuliza?"

"Hakuna."

"Haya, sasa?"

"Sasa nipishe, nifungue mlango."

Alifungua mafurushi yote, akabadilisha vitambaa na tepe, akaanza upya. Mgonjwa alirudishwa wodini na njaa yake. Upasuaji ulichelewa saa moja na nusu, na wa mwisho wa siku hiyo ukasogezwa hadi kesho. Daktari wa upasuaji, ambaye kwa raundi ya pili ya kila siku alikuwa akiombewa hasira zipungue, alikuja mwenyewe akiwa na viatu vyake vya mpira.

"Ulikuwa wapi?"

"Nilikuwa hapa, daktari."

"Kama ulikuwa hapa, hukuona kwa nini?"

"Nilikuwa nasali. Nilifumba macho."

Akamtazama kutoka juu hadi chini. "Watu wanaofumba macho kazini mimi nina jina lao," akasema, akaondoka.

Kabla ya jua kuzama, habari ilikuwa imefika sokoni: dada wa marehemu mzee wa kanisa amekutwa kalala kazini. Walioongeza chumvi walisema alikuwa amekunywa. Mwenyekiti wa kina mama alinipigia simu kunipa pole, na pole ile niliielewa.

Siku iliyofuata wifi alikuja kwangu mchana. Alikuwa ameambiwa aandike maelezo, na kwamba Jumatatu ataitwa mbele ya metroni, daktari na katibu wa hospitali. Aliweka karatasi tupu mbele yangu.

"Wewe ndiye msomi wetu," akasema. "Niandikie."

Niliandika. Sijisifu, lakini ilikuwa barua safi. Nilieleza juu ya umeme usiotulia, uzee wa mashine, maji yaliyoonekana chini ya mlango, na tahadhari ya mfanyakazi mwaminifu aliyeamua kurudia kazi. Hakuna sentensi moja ya uongo. Neno sala halikuwemo, wala kufumba macho. Nilikuwa nalilinda jina la mume wangu, ambaye hakuwepo tena kulilinda mwenyewe. Katika ukoo wetu hakuna aliyewahi kupewa onyo, na sikutaka la kwanza liandikwe nikiwa mjane wa miezi miwili.

Wifi aliisoma taratibu, kidole chini ya mstari. Akaikunja.

"Barua nzuri sana, wifi."

"Itakuokoa."

"Itaniokoa. Ila huyu aliyeandikwa humu mimi simjui."

"Usianze. Unajua watu wanasema nini huko nje?"

"Najua. Muuza mkaa kaniuliza kama nimeamka vizuri." Akacheka kidogo, kisha akaacha. "Wifi, wakinitoa kile chumba, mimi sala nitaipata wapi tena? Unanijua. Nje ya pale mimi ni yule yule wa blanketi usoni. Hicho ndicho kinanitetemesha, mengine nitayamudu."

"Basi tia sahihi barua hii ubaki nacho!"

"Nibaki nacho ili nifanye nini? Nimkalie Mungu mbele nikiwa nimemzunguka?"

Akachukua kalamu yangu akaandika yake. Ninayo nakala. "Nilifumba macho nikisali. Sikuona mshale mara mbili. Nimerudia kazi yote. Naomba msamaha kwa mgonjwa na kwa daktari. Sitafumba tena." Makosa mawili ya herufi kubwa. Sikuyasahihisha.

Jumatatu nilimsindikiza, nimevaa gauni langu jeusi, kichwa juu. Katibu aliniruhusu kuketi kwa heshima ya kufundisha watoto wake. Ofisi ilikuwa na feni inayolia na viti vya mbao vilivyobana. Daktari alisoma mistari ile mitano, akaisoma tena.

"Nani mwingine aliziona hizo nafasi mbili?" akauliza.

"Hakuna, daktari."

"Ungezijaza, mimi ningejua?"

"Usingejua."

"Utepe ulikuwa mweusi?"

"Mweusi kabisa."

"Basi kwa nini hukujaza ukalinda kibarua chako?"

Wifi alitazama mikono yake. "Ilikuwa raundi ya tatu, daktari. Ya nne huwa ni ya kushukuru. Sasa nikae pale nimshukuru Mungu na daftari linamdanganya juu ya goti langu? Nilijaribu kuwaza nitaanzaje, nikakosa."

Feni iliendelea kulia. Nilikuwa nimekaa na kitambaa mkononi, tayari kwa aibu, na aibu haikuja. Kilichonijia ni kumbukumbu ya sala zangu mwenyewe tangu mume wangu afe, jinsi nilivyokuwa nikipiga magoti kila asubuhi, macho nimeyafumba barabara, bila kusema neno hata moja kwa yeyote.

Metroni ndiye aliyeamua. "Hukusinzia," alisema, "na nitamwambia hivyo kila atakayeniuliza. Lakini macho ya chumba kile ni ya mgonjwa. Huwezi kumwombea kwa kumnyima macho yake." Akatoa barua ya onyo, na miezi mitatu ya kufanya kazi katika nyumba ya kufulia. Baada ya hapo wataangalia.

Ndivyo onyo lilivyoingia katika ukoo wetu.

Nyumba ya kufulia ni ukumbi wenye kelele. Shuka hukunjwa na watu wawili, kila mmoja ncha zake, mnakutana katikati, mnaachana, mnakutana. Hakuna dakika ya mtu peke yake. Wiki ya kwanza wifi hakusali hata mara moja. Jumamosi alfajiri alibisha mlango wangu, akaketi jikoni bila kuvua kanga ya kichwa.

"Mashine ndiyo ilikuwa inasali, wifi," akasema. "Mimi nilikuwa nimeketi kando."

 Nikamwambia tupige magoti. Akakataa.

"Nimeandika kwamba sitafumba tena."

"Uliandika kwa ajili ya mashine."

"Sikuandika mashine. Kasome."

Kweli hakuandika. Basi tukasali tumeketi, birika katikati yetu, macho wazi. Kwangu ilikuwa kama kutembea barabarani na nguo ya kulalia. Yeye aliniombea huku ananitazama usoni. Hakuna aliyewahi kuniombea hivyo. Aliona mashavu yangu yalivyoshuka, akayataja. Aliona kikombe cha kaka yake ambacho bado nilikiosha kila siku, akakitaja pia, akamwambia Mungu, "Unakiona? Basi mwenye kukiosha umwone vile vile." Nilijaribu kufumba macho nikashindwa, machozi yalikuwa yanatoka.

Kuanzia siku hiyo alikuja kila asubuhi kabla ya zamu. Dakika ishirini kwa saa ya ukutani, kwa kuwa ndizo alizozizoea. Asubuhi nyingine hatukuwa na la kusema, tukakaa hivyo hivyo hadi zikaisha. Alisema mashine nayo ina siku zake za kunung'unika tu. Kule nyumba ya kufulia akaanza kusali shuka kwa shuka: wakiachana anataja jina, wakikutana anasema amina. Mwenzake wa kukunja alidhani anahesabu. Alipojua, akaomba mumewe naye awekwe kwenye shuka mojawapo. "Weka kwenye ile yenye kiraka," alisema, "ndiyo inamfaa."

Mwezi wa tatu ulipokwisha, aliyemfuata hakuwa metroni. Daktari wa upasuaji alikuja nyumba ya kufulia na viatu vyake vya mpira, akasimama katikati ya malundo ya shuka.

"Daftari la chumba cha vyombo tangu uondoke limejaa vizuri mno," akasema. "Hakuna nafasi hata moja iliyoachwa. Nakosa usingizi. Namtaka anayeacha nafasi wazi."

"Hasira zimepungua, daktari?" Mama Mvuke akamwuliza.

"Hazijapungua. Njoo kazini."

Hayo yana miaka minane sasa. Onyo liko katika faili lake, sikuomba liondolewe, na mwenye kutaka kulisoma akasome, ila alisome pamoja na mistari mitano ya maelezo. Namshukuru Mungu kwa ajili yake. Nilifikiri mimi ndiye niliyemlea katika sala, na labda nilifanya sehemu yangu, lakini aliyenirudishia sauti yangu mbele za Mungu ni mtu niliyekuwa nikimpa alama za chini.

Mwezi uliopita nilimpelekea miwani aliyoisahau kwangu. Siku hiyo upasuaji ulikuwa mwingi, wakaongeza raundi ya tano. Metroni aliniruhusu kuingia nikiwa nimevaa joho na kofia, nikakaa kwenye kigoda. Wifi alisimama mbele ya geji, kalamu sikioni.

"Hii ya tano haina mwenyewe," akasema bila kugeuka. "Zile nne zimekwisha. Chukua wewe."

"Niseme nini?"

"Mimi nitajuaje? Mshale umefika, anza."

Nilimshukuru Mungu kwa mume wangu, kwa miaka tuliyopewa, bila kuuliza juu ya ile ambayo hatukupewa. Nilisema kwa sauti, macho kwenye mshale. Nikashukuru kwa watoto, kwa kazi, kwa meza ya chakula. Dakika ya kumi na tano nikaishiwa maneno. Wifi hakunisaidia, alikuwa anaandika. Basi nikaendelea kuutazama mshale, macho wazi, hadi dakika ishirini zikatimia.